Mshenga wa Ghorofani

Mtaani kwetu kuna ndoa nyingi ambazo wenyewe hudhani zilitokana na mapenzi. Sitaki kuwaharibia. Kila ninapoalikwa karamuni, na mume akasimama kuwasimulia watu jinsi alivyomwona mkewe mara ya kwanza akajua papo hapo kuwa ndiye, mimi huinama nikala sambusa yangu. Namkumbuka aliyempeleka pale akaone, na aliyehakikisha kwanza kwamba yule mwingine aliyekuwa akimtaka amekwishaposwa na mtu wa Lamu.

Alikuwa mshenga, na hivyo ndivyo tulivyomwita, ingawa uso kwa uso tulimwita ami, kwa heshima ya umri wake. Kazi ya mshenga, kwa asiyeijua, ni kwenda nyumba ya watu kuomba binti kwa niaba ya mtu mwingine, kisha kurudi na jawabu bila ya kumvunjia mtu heshima, jawabu liwe zuri au baya. Kazi hii yataka ulimi, kanzu safi, na uwezo wa kukaa kitako muda mrefu bila ya kuomba kwenda msalani. Wengi wana viwili vya kwanza.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe akienda kuposa hakulitaja jina la muoaji mpaka awe ameulizia hali ya kila aliye hai nyumbani humo na kuwarehemu wote waliokufa, na kama nyumba ilikuwa na paka, paka naye alipata salamu zake. Mjomba wangu, aliyefuatana naye katika misafara mingi, alikuwa akisema kwamba mara nyingine mwenye nyumba alikubali ili wageni waende zao.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, ilikuwa kubwa kidogo kwa kichwa chake. Alipokuwa akisema ilishuka polepole mpaka kwenye nyusi. Jambo lilipoharibika aliisukuma juu kwa kidole kimoja, akawatazama watu, akasema: "Haya. Tuko hapa sasa." Hakusema hivyo kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetangaza kituo. Baada ya maneno hayo, jambo lililokuja kufanywa halikuwa na uhusiano wowote na lile lililopangwa nyumbani.

Mfano ni posa ya mtaa wa Kuze, ambayo mjomba wangu aliisimulia mpaka akafa, na kila mara alicheka pale pale.

Walikwenda baada ya swala ya alasiri, wazee wa kutosha, kanzu zimepigwa pasi, kwenda kumwombea kijana mmoja fundi wa boti wa Liwatoni. Kufika mlangoni wakaona viatu. Vilikuwa viatu vingi vya kiume, vizuri, vimepangwa safu, na mwenye nyumba hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Mshenga akavitazama. Akajua kuna posa nyingine ndani, tena imetangulia. Mjomba akamvuta mkono warudi, lakini mwenye nyumba alikuwa amekwishawasikia, akaita, "Karibuni, karibuni!" kwa sababu mtu wa Mombasa hata nyumba ikiwaka moto hukaribisha kwanza.

Wakaingia. Mshenga wa upande wa pili alikuwa katikati ya maneno yake. Akabaki mdomo wazi. Watu wote wakawageukia. Mshenga wetu akaisukuma kofia.

"Haya. Tuko hapa sasa," akasema. "Samahanini, waungwana. Sisi hatukuja kuvunja kikao. Tumesikia bibi hajiwezi, tumekuja kumzuru."

Bibi wa nyumba ile alikuwa jikoni akikaanga viazi karai, mzima kuliko wote waliokuwa barazani. Lakini mwenye nyumba hangeweza kumwambia mgeni mbele ya wageni wengine kuwa asemalo si kweli. Akasema naam, bibi hajiwezi kidogo, akapita ndani haraka. Wazee wakasikia karai ikitolewa motoni. Walipoitwa chumbani wakamkuta bibi amelala, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na mikono yake yanuka bizari. Mjomba alikuwa akisema hajapata kumwona mtu akiumwa vizuri namna ile.

Mshenga akakaa, akamuulizia hali. Bibi akautazama mlango, akaona umefungwa, akasema, "Naumwa kwa sababu mjukuu wangu yuwatolewa kwa mtu asiyemtaka. Yuwalia tangu yana."

"Ah," akasema Mshenga.

"Nanyi mumekuja kwa jambo gani?"

Mshenga akamwambia ukweli, akamtaja fundi wa boti. Bibi akainua kichwa, akamuuliza mjukuu wake aliyekuwa nyuma ya pazia kama amesikia. Pazia likanyamaza. Kwetu msichana akiulizwa jambo hilo akanyamaza huhesabiwa amekubali, kwa hiyo Mshenga akainuka ameridhika, akamwinamia bibi, akasema, "Basi tafadhali usipone upesi."

Hakuna muungwana anayedai jawabu la posa katika nyumba yenye mgonjwa mkubwa. Bibi akaumwa. Aliumwa wiki baada ya wiki, akanenepa, na wale wa kwanza walichoka kuleta matunda wakaenda kuposa kwingine. Siku Mshenga aliporudi kwa posa yake ya fundi wa boti, bibi mwenyewe alimfungulia mlango.

Niliwahi kumwambia Mshenga kwamba ule ulikuwa uwongo. Akanitazama kwa masikitiko. "Mwanangu, mtu wa umri ule kuna kitu hakimuumi? Mimi sikutaja wapi."

Wakati wa korona, Mji wa Kale ulipofungwa, hakuna kuingia wala kutoka, Mshenga alikuwa na posa ya upande wa Likoni. Mpaka wakati huo alikuwa amesema hadharani, na zaidi ya mara moja, kwamba hakuna mtu mwenye haya anayeomba binti wa watu kwa kitu kinachokaa mfuko wa suruali. Wiki ile ile alishuka ngazi zake, akavuka kichochoro, akaja kwangu kuazima simu.

Hapa lazima nieleze tulivyokaa. Yeye na mkewe walikuwa juu, ghorofa ya pili aliyoachiwa na babake; za chini yake ni za warithi wengine. Mimi nilikuwa chini, upande wa pili wa kichochoro, vyumba viwili na ua nilivyoachiwa na mama. Kichochoro ni chembamba. Mkewe alikuwa akiteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, mimi natia chumvi au malimau, kikapu kinapanda. Kikishuka tena huwa na mkate wa sinia. Sikuwahi kumshinda kwa ukarimu katika biashara hiyo.

Basi tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, uani kwangu. Mshenga na mjomba wakakaa mkekani wamevaa kanzu, wameachana hatua kadhaa kama serikali ilivyotaka. Kabla sijapiga, Mshenga akainuka, akavichukua viatu vyao akavipanga mbele ya simu.

"Ami, viatu vya nini?"

"Wajue tumekuja."

Akaanza kuulizia hali. Aliulizia hali za watu ambao nadhani hata wenyewe walikuwa wamewasahau, na bando lilikuwa langu. Alipofika kwenye shida yenyewe, baba wa binti akafungua mdomo ajibu, na picha ikaganda. Mdomo ulibaki nusu wazi. Mshenga akangoja kwa adabu. Mjomba naye akangoja.

"Amenyamaza," akasema Mshenga hatimaye, kwa sauti ya chini. "Amekubali."

"Ami, mtandao umekatika."

"Nani kakwambia?"

Mjomba akamkumbusha kwamba kunyamaza ni kwa msichana, haikusemwa popote kuhusu baba mtu. Wakabishana juu ya hilo mpaka picha ikarudi, na tukamkuta baba wa binti yuko mwisho wa maneno marefu ambayo hakuna kati yetu aliyeyasikia. Akauliza kama tumeelewana. Mshenga akaisukuma kofia. "Yote tumeyasikia," akasema, "na yote tumeyakubali."

Baadaye ikajulikana tulikubali kwamba bwana harusi atahamia Likoni kwa wakweze na kukaa nao mpaka Mungu apende. Alipoambiwa alishtuka. Mpaka leo yuko huko, ana watoto, na hutuambia hewa ya ng'ambo ni nzuri.

Mimi mwenyewe aliniokoa, na sipendi kulisema hili kwa maneno makubwa kwa sababu naye hakulifanya kwa makubwa. Nilikuwa nikifanya kazi Mbaraki, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ujana wangu wote ulikwisha kwa karatasi za makontena. Kisha makontena yakaanza kupanda treni moja kwa moja kwenda bara, bila ya kututazama, na ofisi ikapungua meza moja moja mpaka ikapunguka na yangu. Jumatatu ile nilikaa kwenye baraza ya nje nimevaa nguo za kazini. Sikujua niende wapi nazo.

Kikapu kilishuka kwanza, na mkate. Halafu akashuka Mshenga. Nilipoona kanzu imepigwa pasi nikajua.

"Mwanangu, nna mtu," akasema.

"Ami, nimepoteza kazi. Sikupoteza mume. Mume niliachana naye zamani."

"Ndiyo nasema. Sasa una nafasi." Akaniambia ni mjane wa Malindi, kafiwa na mkewe, mtu wa sala, hana makuu, ana malori.

Nilikataa. Nilikataa kwa maneno ambayo sitayaandika, na sauti yangu ilifika kwa muuza kahawa wa pembeni, kwani aligeuka. Mshenga hakukasirika. Akasukuma kofia, akasema yale maneno yake, akakaa nami barazani, akatazama paka wa mtaa akipita.

"Na hayo malori," akauliza, "nani yuwamfanyia karatasi zake?"

Nikasema sijui.

"Hata yeye hajui. Yuwaziweka ndani ya foronya."

Ndivyo nilivyoanza. Uani kwangu niliweka meza na kompyuta, na madereva wakaanza kugonga mlango wakiwa na bahasha zilizoloa jasho. Mjane alioa mwingine, Mshenga alimtafutia, na mpaka sasa huniletea samli akija mjini. Nilimuuliza ami siku moja kama alikuwa amepanga vile tangu mwanzo. Alisema hapana, alipanga harusi. "Wewe waipenda ndia mpaka wasahau wapi wenda," akaniambia. "Mimi nalitaka upate la kukuamsha asubuhi. Mume, malori, yote sawa."

Sasa, mtu akisoma hapa atadhani alikuwa mwepesi hivyo hata nyumbani kwake. La. Nyumbani alikuwa jiwe. Alikuwa na kikombe kimoja, na kikombe hicho kilikuwa na ufa, na hakuna aliyeruhusiwa kukitupa. Kiti chake kilikaa penye dirisha, na mkewe alipokisogeza siku moja ili afagie na akasahau kukirudisha, alisimama pale kilipokuwa mpaka kiliporudishwa. Kinyozi wake alipofariki aliona haifai kumwendea mwingine, akakaa na nywele mpaka mkewe akashika mkasi. Kahawa aliinywa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alipohamia Tudor, Mshenga alipanda tuktuk kwenda kunywa kahawa, akarudi.

Mkewe alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mpole, mwenye kicheko kilichovuka kichochoro bila ya taabu. Hakusema mengi. Nilipomsifia mumewe kwa busara zake aliniambia, "Nyinyi mwamjua wa nje. Mimi nimeolewa na wa ndani." Kisha akacheka, na ilikuwa dhahiri kwamba na huyo wa ndani alimpenda.

Ngazi za nyumba zetu za kale zilijengwa na watu waliokuwa na magoti mazuri. Zasimama wima, zageuka gizani, na kila daraja ina urefu wake. Mkewe aliteleza penye kona akiwa ameshika chupa ya maji. Mimi ndiye niliyekimbia juu. Nilimkuta amekaa daraja iliyo chini ya kona, uso umekauka, akaniambia nisimwambie mumewe mpaka amalize chai. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Alipotoka hospitali, daktari alisema ngazi basi, na hakusema kwa mzunguko. Binti yao akamchukua Tudor, kwenye fleti ya chini ambako akaa na mumewe na watoto. Chumba kikawekwa, kitanda kipana kikanunuliwa, kipana makusudi. Mkwe mwenyewe alikuja na gari kumchukua Mshenga na nguo zake.

Mshenga akakataa.

"Mume kukaa kwa wakweze ni desturi," alisema. "Baba kukaa kwa mkwewe si desturi." Nikamkumbusha kuwa mkwe huyo alimchagua yeye mwenyewe, na kwa miezi alitusumbua kwa kumsifu. "Ni mtu mwema sana," akasema. "Ndiyo sababu sitaki kumkalia."

Kila siku baada ya alasiri alipanda tuktuk kwenda Tudor, mkononi mkate au mabuyu. Alikaa ukingoni mwa kiti, sebuleni, kama mgeni wa mara ya kwanza, mkewe mkabala naye na fimbo yake. Waliulizana hali. Karibu na magharibi aliaga, akarudi kwake, akapanda ngazi peke yake. Watu wawili waliolala kitanda kimoja umri mzima wakawa wanaonana kama wachumba, mlango wazi na watoto wakipita. Aliyekuwa ameozesha nusu ya kisiwa aliachana na mkewe kwa sababu ya ngazi. Iliniuma. Kila asubuhi nilipofungua mlango nilikiona kile kikapu kimefungwa dirishani hakishuki, na nikaanza kutokea mlango wa uani nisikione.

Watu walijaribu. Binti alilia. Mjomba wangu, wakati huo yu hai bado, alikwenda na hoja zake zote, akatoka amekubali kwenda kumtazama msichana mmoja wa Makadara kwa ajili ya mpwa wake mwingine. Imamu alipanda, akakaa muda mrefu, na aliposhuka alikuwa ameahidi kutengeneza feni ya msikiti. Hakuna aliyeweza kumbana. Alikuwa akiwasikiliza kwa adabu, anawatilia kahawa, na kufika katikati ya mazungumzo kila mtu alikuwa anazungumza jambo jingine.

Mwishowe mkewe akanipigia simu.

"Nenda wewe," akasema. "Kaniposee mume wangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwambie nyumba tayari, kitanda tayari, nami tayari. Na umwambie sijui nimebakisha siku ngapi, na sitaki kuzimaliza nikiulizwa hali."

Nilivaa buibui langu zuri. Nilinunua halwa, ile yenye lozi, nikapanda ngazi zile nimeshika ukuta. Nilimkuta kitini penye dirisha, na kikombe chenye ufa kitupu mkononi. Alikuwa amekonda. Alipoona halwa na buibui alielewa, akanionyesha pa kukaa nianze. Mwenye nyumba hamkatizi mshenga.

Nikafanya kama yeye alivyofanya siku zote. Nikaulizia hali yake, ya kifua chake, ya binti, ya mkwe, ya wajukuu kwa majina. Nikawarehemu wazazi wake.

"Umemruka dada yangu wa Liwatoni," akasema.

Nikamuulizia dada yake wa Liwatoni. Nikazungumza mvua. Nikazungumza jinsi nyumba za zamani zilivyochoka na jinsi wenyewe nao tunavyochoka, na jinsi ilivyo baraka kuwa na watoto wenye nafasi. Nilikuwa nimejiandaa, na nilijiona naendelea vizuri. Nilipofika kwenye shida, nikamwambia yale yote ya mkewe, neno kwa neno, na la mwisho pia.

Nikangoja asukume kofia. Aliivua. Akaiweka gotini, na kichwa chake kilikuwa na nywele nyeupe zilizokosa mkasi miezi mingi. Sikuwa nimepata kumwona bila kofia.

"Umesema vizuri," akasema. "Mimi sina la kukujibu kwa hilo. Kwa mkwe siendi. Nimejaribu kujigeuza, sigeuki. Lakini nna haja nawe."

"Sema, ami."

"Naiomba nyumba yako."

Sikuelewa.

"Vyumba vyako vya chini," akasema. "Wewe uje huku juu, sisi tuteremke. Ngazi haziwezi yeye. Tudor siiwezi mimi. Nimefikiri kila ndia, imebaki hii moya, nayo yapita kwako. Naona haya kukwambia. Nimeona haya tangu alipoanguka."

Nikangoja maneno mengine. Nilijua yatakuja. Angeweza kunitajia upepo, maana kule juu kuna upepo kutoka mlangoni mwa bandari na vyumba vyangu vya chini mvua zikija kuta hutoa jasho. Angeweza kutaja kikohozi changu. Angeweza kumtaja mama yangu aliyekuwa shoga wa mkewe, au malori ya Malindi, au kila mkate uliowahi kushuka kwa kamba, na ningekuwa sina pa kusimama. Msichana wa posa yoyote aliyowahi kwenda alipata maneno zaidi ya yale. Hakutaja hata moja. Huyu mtu ambaye hakuwahi kufika mahali bila ya kuzunguka nyuma ya nyumba kwanza, alikuwa amenijia kwa mlango wa mbele, mikono mitupu.

"Usiku nageuka kumwambia kitu," akasema, "hayupo. Ukikataa, sisi ni majirani vile vile."

Nataka ukweli uandikwe: naupenda ule ua. Mwasumini uliomo aliupanda mama kwenye debe la samli, na meza yangu iko chini ya kivuli ambacho hakuna ghorofa iliyo nacho. Madereva wanaujua mlango wangu kwa kuupapasa. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekaa kwingine, na nikiwa nimekaa pale juu mbele ya kichwa kile cheupe, niliuhesabu ua wangu wote, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kamba ya nguo.

Kwa desturi yetu, anayeombwa hajibu siku hiyo. Husema atazungumza na watu wake, na hata akiwa amekwishaamua hungoja, ili asionekane alikuwa akisubiri kuombwa.

"Nimekubali," nikamwambia.

Alishtuka kikweli. "Hujibu hivyo, mwanangu. Huulizi wakubwa zako?"

"Wakubwa zangu ni wewe."

"Basi nakushauri usikubali upesi."

"Nimekwishakubali, ami."

Akageukia dirisha. Akaitazama nyumba yangu kwa muda, mlango, baraza, kile kipande cha ua kinachoonekana kutoka juu, ambacho nadhani alikuwa amekitazama hivyo wiki nyingi. Akavaa kofia, akaivua tena.

"Mpigie," akasema. "Mwambie nimekubaliwa."

Nilimwambia azungumze mwenyewe. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuniashiria nipige. Nikapiga. Mkewe alipokea mara moja, kama aliyekuwa ameishika simu.

"Yuwaja?" akauliza.

"Haji," nikasema. "Wewe ndiye urudi." Nikamweleza yote, vyumba vyangu, wao chini, mimi juu. Hakuuliza mimi nimekubali vipi, wala yeye amesemaje.

"Kwako kuna daraja ngapi?"

"Hakuna. Kizingiti tu."

"Kizingiti nakiweza," akasema, na pale pale nikamsikia akimwita binti yake. "Nipa buibui langu."

"Mamangu, sijahamisha hata kijiko," nikamwambia.

"Hamisha," akasema. "Nitakaa uani nikingoja."